Una V8 Ruangwa au Nachingwea? Usifanye mchezo na filta ya hewa

Kiangazi kikikolea, barabara nyingi za vijijini Ruangwa na Nachingwea zinageuka unga mwekundu. Ukiwa nyuma ya lori la ufuta, korosho au mzigo wa machimbo ya kinywe, mbele huoni kitu. Vumbi hilohilo ndilo linalovutwa na injini yako.

Na injini kubwa inavuta kwelikweli. Chukua Land Cruiser V8 ya dizeli, lita 4.5. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zake zinameza takriban lita 6,750 za hewa kila dakika. Hapo bado hujahesabu turbo, ambayo inasukuma hewa zaidi. Ndiyo maana hata upenyo mdogo kwenye filta unatosha kuleta balaa.

Vumbi likipenya linakwangua mapanga ya turbo, ringi za pistoni na kuta za silinda. Gari linaanza kukosa nguvu, linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukifika hapo, filta mpya haikusaidii tena. Ni kufungua injini.

Uchague ipi?

Kwa njia zetu, filta ya karatasi yenye ubora ndiyo salama zaidi. Zile za pamba yenye mafuta, zinazosifiwa kwa kuongeza nguvu, zinapitisha hewa kirahisi, lakini kwa kawaida zinapitisha pia vumbi laini zaidi. Mafuta yakizidi yanaweza kuchafua sensa ya hewa. Waachie wa mashindano.

Dukani nenda na filta ya zamani. Linganisha urefu, upana na kimo. Bonyeza mpira wa pembeni: uwe laini, usio na ufa wala sehemu iliyobonyea. Mikunjo ya karatasi iwe imelingana. Bei ikiwa ya kutupwa, jiulize kwa nini.

Kufunga

Zima injini. Toa filta ya zamani taratibu, vumbi lisimwagike upande wa injini. Futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uliache likauke. Weka filta mpya, hakikisha mpira umekaa sawa pande zote, ndipo ubane klipu zote. Klipu moja iliyokatika ukaifunga kwa waya ni mlango wa vumbi.

Kagua pia bomba la kutoka kwenye boksi hadi kwenye turbo. Pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, kuna mahali panavuja: mpira umepasuka, kibano kimelegea au filta haijakaa vizuri. Usiendelee na safari ndefu kabla ya kurekebisha.

Kupuliza je?

Wengi wanapeleka filta kwa fundi tairi ipulizwe kila wiki. Tatizo ni kwamba presha kubwa inatoboa karatasi, na kuigonga chini kunapinda mikunjo. Ukilazimika, puliza kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, kisha mulika tochi upande mmoja. Ukiona kitundu cha mwanga, tupa.

Kitabu cha gari kikitaja kilomita za kubadilisha filta, kumbuka kwamba penye vumbi muda huo unapungua sana. Msimu wa kiangazi, kagua kila wiki. Na ukikuta lori mbele, achia nafasi vumbi litue. Hiyo haina gharama.