Asilimia ya mwaka kwa mwaka: ulipie Excel au utumie cha bure?

Januari 2025 Microsoft walipandisha ada ya mwaka ya Microsoft 365 Personal, kifurushi chenye Excel ndani yake, nchini Marekani, kutoka dola 69.99 hadi 99.99. Toa bei ya zamani kwenye mpya, kisha gawanya kwa ile ya zamani: karibu asilimia 43. Hesabu hiyohiyo ndiyo anayoihitaji mwenye duka akifunga mwaka, ila yeye ana bidhaa mia mbili na miezi kumi na miwili. Ndiyo maana watu hukimbilia pivoti, yaani jedwali linalojumlisha data lenyewe. Je, kwa kazi hii moja kuna haja ya kulipa?

Excel inaimaliza bila fomula. Unaweka mauzo mara mbili kwenye jedwali. Ya kwanza unayaacha kwa shilingi, ya pili unayaagiza yaonyeshe tofauti ya asilimia, msingi ukiwa mwaka uliotangulia. Hapo kwenye msingi ndipo wengi hujikwaa. Miaka na miezi ikiwa pamoja, chagua miaka, na Machi italinganishwa na Machi ya mwaka jana. Ukichagua miezi, Februari itapimwa kwa Januari, na muuza sare za shule atadhani biashara imekufa, kumbe shule zimeshafunguliwa tu.

Google Sheets ni ya bure, na pivoti yake hujisasisha yenyewe. Ila inajua asilimia ya mstari, ya safu na ya jumla kuu, basi. Mwaka uliopita haumo. Itakubidi uandike =C3/B3-1 pembeni na kuivuta hadi chini. Bidhaa mpya ikiingia katikati, mistari inasogea na fomula hazijui habari hiyo. Huko bure ni kwa mfuko tu. Jumamosi yako ndiyo inayolipa.

LibreOffice Calc nayo ni ya bure, ikishasakinishwa haidai bando, na tofauti ya asilimia inayo kama Excel. Wameificha tu: kwenye dirisha la mpangilio, bofya mara mbili jina la thamani, kisha fungua sehemu ya namna ya kuionyesha. Kukusanya tarehe kwa miaka, bonyeza F12. Sura yake ni ya kizamani, na data zikibadilika unaisasisha mwenyewe, jambo ambalo hata Excel ya kulipia ililidai kwa miaka mingi.

Kama Excel tayari imo kwenye kompyuta ya ofisi, itumie. Mkiwa watu watatu mnaojaza mauzo kwa simu, Sheets inavumilika. Lakini kununua Excel kwa ajili ya asilimia hii peke yake, mimi singenunua, ningepakua Calc.

Hakuna hata moja kati ya programu hizi itakayokuonya kwamba mwaka haujaisha. Ifungue mwishoni mwa Agosti, nayo itakutangazia bila aibu kuwa mauzo yameporomoka, maana inapima miezi minane kwa kumi na miwili. Kwanza chuja Septemba hadi Desemba za mwaka jana.