Dhima ya Mwenye Tovuti

Ndugu mwenye nyumba ya wageni huko Mugumu au Tarime akisha kufungua tovuti, mgeni aliye Berlin aweza kumlipa arubuni ya kitanda na ya gari la kwenda Serengeti kabla hawajaonana. Mapatano hayo ni mkataba kamili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yautambua, nayo humtaka mwuzaji aonyeshe jina lake, mahali alipo na bei.

Wengi huandika, "Hatuhusiki na hasara yoyote," wakalala usingizi. Hiyo si ngao. Lililo bora ni masharti yaliyo wazi, ambayo mgeni ameyakubali kabla ya kulipa: mwisho wa kuvunja safari, fedha itakayorudishwa, na nani atakayejibu gari likiharibika njiani.

Lakini neno kubwa ni hili. Aliyeandikisha BRELA jina la biashara tu hakujitenga nayo. Deni la biashara ni deni lake, na laweza kumfuata hata zizini kwa ng'ombe wake. Kampuni yenye dhima ya kikomo, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ni mtu mwingine mbele ya sheria: ikianguka, mwenye hisa hupoteza hisa zake, zizi likabaki. Mwizi, hata hivyo, hafichiki humo, wala aliyejitia mdhamini wa mkopo benki.

Tena kuna namba za pasi za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka mwenye kuzikusanya ajiandikishe kwa Tume na kuzitunza; nasi tumeona kaunta ambako daftari lenye namba hizo limeachwa wazi kwa kila apitaye.