Dawa tunasema tumekunywa

Enfirmie akiuliza, “Mama, dawa ulikunywa yote?”, ni wangapi kati yetu wanajibu “hapana”? Wachache sana. Jibu linatoka mbio: “Ndiyo, nilimaliza.” Na vinini 4 vimebaki nyumbani chini ya godoro.

Jambo hilo si la kituo cha afya cha kwetu tu. Liliangusha utafiti mkubwa uliofanywa kwa ajili ya wanawake wa Afrika. Utafiti huo uliitwa VOICE, maana yake “sauti”. Ulianza mwaka 2009 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na wanawake 5029 waliingia humo. Wote hawakuwa na virusi vya SIDA. Wengine walipewa kinini cha kunywa kila siku, wengine jeli ya kujipaka ndani kila siku, ili ionekane kama dawa hizo zinaweza kuwakinga.

Kila mwezi waliulizwa. Kwa majibu yao, walitumia dawa karibu siku 90 kwa kila 100. Waliwekewa hata kompyuta ya kuuliza kwa sauti, ili wasione haya mbele ya mtu, na hesabu ilibaki karibu ile ile. Vinini vilivyorudishwa vikahesabiwa: hapo pia, 86 kwa 100. Kila kitu kilionekana safi.

Kisha ikapimwa damu iliyokuwa imehifadhiwa. Dawa ya kinini ilionekana katika vipimo karibu 3 tu kwa kila 10. Jeli ilionekana katika kimoja kwa kila 4. Na wakati utafiti ulipokuwa ukiendelea, wanawake 312 walikuwa wameambukizwa.

Utafiti mwingine, FEM-PrEP, ulikuwa na wanawake 2120, wakiwemo wa Bondo huko Kenya na wa Arusha huko Tanzania, watu tunaosikilizana nao kwa Kiswahili. Hapo 95 kwa 100 walisema wanakunywa kinini mara nyingi au siku zote. Damu ilisema hawafiki 40. Mwaka 2011 ukasimamishwa.

Mtu wa haraka atasema: wanawake wale ni waongo. Sisi hatusemi hivyo. Sisi walimu tukiuliza darasani, “Nani alisoma jana nyumbani?”, mikono yote inapanda. Mtoto anajibu sura ya mwalimu, hajibu swali. Na mtu mzima akiwa mbele ya koti jeupe anarudi kuwa mwanafunzi.

Tena walikuwa na sababu. Watafiti wa VOICE walirudi baadaye kwa baadhi yao, wakawaonyesha matokeo ya damu yao wenyewe, na hapo maneno yakatoka. Waliogopa dawa itawadhuru. Vinini vilifanana na vya wagonjwa wa SIDA: jirani akiviona, habari inazunguka kartye nzima kabla ya jua kuzama. Bwana akiviona, kuna maswali. (Tunazijua nyumba ambamo hata kinini cha kichwa kinaombewa ruhusa.) Wengine walishangaa: mimi ni mzima, kwa nini ninywe dawa? Basi vinini vilitupwa kabla ya siku ya kwenda kuhesabiwa.

Hasara yake ni nini? Kama watu wangeamini majibu tu, wangesema dawa haina nguvu, na ingeachwa. Kumbe katika utafiti mwingine wa Kenya na Uganda, Partners PrEP, ambamo mmoja kati ya mume na mke alikuwa na virusi na mwenzake alijua, vinini vya namna ile ile vilipunguza maambukizi kwa 67 mpaka 75 kwa 100. Hao walivinywa kweli. Ni damu iliyookoa sifa ya dawa, si mdomo.

Toka hapo wengine wamefikiri vizuri zaidi: badala ya kumgombeza mwanamke, ondoa kinini cha kila siku nyumbani kwake. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya sindano ya lenacapavir, mara 2 tu kwa mwaka, Afrika Kusini na Uganda. Kati ya wanawake na wasichana 2134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna cha kuficha chini ya godoro.

Hapa kwetu, tuchukue malaria. Dawa ya artemether-lumefantrine ni mara 6 kwa siku 3. Homa inapungua siku ya pili, mama anaweka zilizobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Homa ikirudi, anasema dozi iliisha. Enfirmie anafikiri dawa imeshindwa, anapandisha nyingine kali zaidi, na mtoto hakuwa ameponyeshwa na ile ya kwanza. Mama mwingine amekwisha kumpa mtoto parasetamoli mara 3 nyumbani, ananyamaza, anapewa tena pale pale. Na ikizidi inaharibu maini.

Tunawaambia pia waganga na waenfirmie wanaosoma gazeti hili: acheni kuuliza “ulimaliza?” kwa sauti ya polisi. Ulizeni, “Mama, vimebaki vingapi?” Na sisi, siku ya kwenda, tubebe boksi au karatasi ya dawa jinsi ilivyo, na vinini vilivyobaki ndani.