Tuchague Samaki Gani kwa Akwariumu Ndogo?



Wengi wanatuuliza: kama darasa linapata sanduku la kioo la kuwekea samaki, ndiyo akwariumu, tutie samaki gani ndani? Swali ni zuri. Lakini watu wengi wanalijibu kwa macho tu. Wanaona samaki mwenye rangi ya kupendeza, wanamkamata, wanamtia, na kisha wiki mbili wanamtupa inje. Katika namba hii tunapenda kueleza neno moja: samaki hachaguliwi kwa rangi. Anachaguliwa kwa maji, kwa nyumba na kwa hesabu.

1. BAHARI NA ZIWA

Katika Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, pamoja na matumbawe. Matumbawe si mawe wala maua, ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na kujenga mifupa yao kama mawe. Kazi yao si mchezo. Lazima kutengeneza maji yenye karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita moja. Lazima taa kali, sababu ndani ya mwili wa tumbawe kunakaa mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, na hiyo mimea inalilisha kwa nguvu ya mwangaza. Umeme ukikatika muda mrefu, au joto likipanda kidogo tu, tumbawe linaanza kufa.

Sisi tuko mbali na bahari. Lakini Mungu alitupa ziwa Tanganyika, na samaki wake wana rangi ambazo watu wa mbali wanazilinganisha na zile za samaki wa bahari. Ziwa hili lina urefu wa karibu km 670 na kina cha metre 1.470, katika dunia nzima ni Baikal tu, huko Urusi, lililo na kina kulipita. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Jamii moja tu ya samaki, ambayo wataalamu wanaiita siklidi, ina aina zaidi ya 200 humu ndani, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Tangu mwaka 1971 Pierre Brichard alikuwa akiwatuma kwa ndege kutoka Bujumbura mpaka ng'ambo. Watu wanalipa feza nyingi kwa samaki ambao sisi tunawaona karibu na majabali tukifua nguo.

2. MAJI

Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari: lita moja ina karibu nusu gramu tu ya madini. Kwa hiyo msitie chumvi ya jikoni ndani ya akwariumu. Lakini si sawa na maji ya mvua pia. Yana madini ya kutosha, na pH yake ni karibu 9. Samaki wetu wamezoea hayo. Ukimtia ndani ya maji ya mvua matupu, anateseka. Basi sisi wa pwani tuna bahati: maji ya kufaa tunayachota kwa bidoni. Tuyachote mbali na mahali pa kufulia na mahali mafuta ya mitumbwi yanapomwangika. Anayetumia maji ya robine ayaache siku moja ndani ya beseni wazi, ili dawa ya kusafishia maji ipungue, na aweke mawe ya chokaa ndani ya akwariumu.

Sasa tufike kwa jambo ambalo wengi hawalijui. Samaki anatoa amoniaki kwa mashavu yake na kwa uchafu wake. Ndani ya maji, amoniaki inakaa kwa namna mbili: moja haina ubaya mwingi, nyingine ni sumu kali. Ni pH inayoamua ngapi itakuwa sumu. Kwa joto la 25°, maji yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu ni chini ya 1 kwa 100. Kwa pH 8 ni karibu 5 kwa 100. Kwa pH 9 ni zaidi ya 30 kwa 100! Yaani uchafu ni ule ule, lakini ndani ya maji ya ziwa letu unaua upesi zaidi. Kule ziwani unapotea sababu maji ni mengi mno. Ndani ya sanduku hauna pa kwenda.

Ni bakteria ndizo zinatuokoa. Aina moja inageuza amoniaki kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na nyingine inageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ubaya wake ni mdogo. Hizi bakteria zinakaa juu ya mchanga na mawe, na zinahitaji wiki nne mpaka sita ili ziwe nyingi. Ndiyo maana samaki wa siku ya kwanza wanakufa: nyumba iko tayari kwa macho, lakini wafanya kazi bado kufika.

3. SAMAKI WA KUKATAA

Tuchukue mfano wa sanduku la santimetri 60 urefu, 30 upana na 30 kimo. Fanyeni hesabu: ni lita 54, na maji peke yake ni kilo 54. Tia mchanga na mawe, utaona kwamba meza ya kutikisika haifai. Lakini kwa samaki ni nyumba ndogo. Wafuatao tuwaache ziwani:

a) Kuhe. Mtoto wake ana urefu wa kidole, tena ni mzuri. Lakini kuhe ni mmoja wa siklidi wakubwa kabisa duniani. Akikomaa anapita nusu metre, na anakula samaki wenzake. Kumtia ndani ya lita 54 ni sawa na kufuga ngombe ndani ya kabati.

b) Ndagala na mukeke. Hawa ni watu wa maji ya katikati, wanatembea kwa makundi makubwa. Ukimgusa ndagala kwa mkono, magamba yanatoka na anakufa. Mahali pao ni ziwani, na ndani ya sahani.

c) Tropheus. Ndiye anayevuta macho kuliko wote, sababu kila upande wa pwani ana rangi yake. Anakula mimea midogo inayoota juu ya majabali, na chakula chenye nyama na mafuta kinaharibu tumbo lake. Tena ni mgomvi. Wafugaji wanamweka kwa kundi la kumi au zaidi, ndani ya sanduku la lita 300 hivi. Wawili ndani ya sanduku dogo, mmoja atamwua mwenzake.

d) Perissodus. Huyu anaishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda, kwa wengine upande wa kuume, kwa wengine upande wa kushoto, ili amshambulie mwenzake kutoka nyuma. Kwa somo la biolojia ni ajabu kubwa. Kwa jirani zake ni mwizi ndani ya nyumba.

e) Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la yule Brichard. Ana mapezi marefu ya kupendeza, na watoto wakubwa wanasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Tabia nzuri kabisa! Lakini jamaa hiyo inaongezeka mpaka inajaza sanduku, na mgeni yeyote anafukuzwa mpaka kufa.

4. SAMAKI WA KUCHAGUA

Wanabaki wangapi? Wanabaki wadogo, na ndio wanaofundisha zaidi. Kwa lita 54 tuchague aina MOJA kati ya hizi mbili.

Ya kwanza ni samaki wa nyumba za konokono, kama Neolamprologus brevis. Hapiti santimetri 6. Anakaa juu ya mchanga, na nyumba yake ni gamba tupu la konokono wa ziwa anayeitwa Neothauma. Dume na jike wanaweza kukaa ndani ya gamba moja. Ukileta kivuli mbele ya kioo, wote wanaingia pupu! Kisha dakika chache wanachungulia tena. Jike anataga mayai ndani ya gamba, na siku moja unaona watoto wadogo kama vichwa vya sindano kwenye mlango. Kwao tutie mchanga mwembamba wa santimetri 5, sababu wanapenda kuchimba, na magamba kumi hivi. Yasiwe na konokono mzima ndani: kumwua mwenye nyumba ili kupata mpangaji si haki. Magamba tupu yako mengi pwani.

Ya pili ni Julidochromis transcriptus, samaki mweusi na mweupe wa santimetri 7, anayetoka upande wetu, pwani ya Kongo ya kaskazini-magharibi. Anakaa ndani ya nyufa za mawe na kutaga mayai kwenye dari ya pango. Ana ndugu mkubwa, Julidochromis marlieri, ambaye mtaalamu Max Poll alimtaja mwaka 1956 kwa heshima ya Georges Marlier, aliyefanya kazi ya utafiti hapa Uvira. Kwa Julidochromis tupange mawe mpaka karibu na uso wa maji. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, na mchanga baadaye. La sivyo samaki wanachimba chini na mawe yanaanguka.

5. HESABU

Hapo ndipo ubishi unaanza. Mmoja atasema: "Tutie ata makumi mbili, si maji ni mingi?" Hapana. Wa brevis tutie dume moja na majike mawili. Wa Julidochromis tutie watoto wanne au watano, na wawili wakichaguana kuwa mume na mke, wengine tuwatoe upesi mbele ya kupigwa.

Sababu ya pili ya kutia wachache ni umeme. Maji ya joto la 25° yanashika karibu miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Umeme ukikatika, mashine ya kusukuma hewa inasimama, na kila samaki anapumua kutoka akiba hiyo ndogo. Watatu wanaweza kungoja mpaka asubuhi, na mtu akichota maji kwa kopo na kuyamwanga tena ndani pole pole, hewa inaingia. Makumi mbili hawatangoja. Akwariumu isiyo na mashine kabisa inaweza kuishi, lakini kwa samaki wachache sana tu.

Kazi ifuate hivi: weka meza mahali jua halipigi kioo. Osha mchanga, panga nyumba, jaza maji ya ziwa. Tia jiwe moja au mawili yaliyotoka ziwani siku ile ile, yangali maji, sababu yanaleta bakteria. Tia chembe ya chakula kila siku mbili, ungoje wiki nne au zaidi. Kisha leta samaki. Wape viluwiluwi vya mbu vilivyooshwa, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Msiwape bugali wala mkate: vinaoza, na amoniaki tumekwisha kuieleza. Kila wiki toa sehemu moja kwa tano ya maji na kutia mapya yenye joto sawa.

Kwa kukamata, tuombe wavuvi. Mtu asiingie ziwani peke yake: mamba wako, na kichocho iko.

6. KAMA TUMECHOKA NAO

Samaki wa pwani hii wakiwa wazima wanaweza kurudi pale pale walipotoka. Lakini samaki wa mbali asimwangwe kamwe ndani ya ziwa au mto wetu, na samaki wa Tanganyika asipelekwe Kivu. Ni kweli kwamba sambaza ya Kivu ilitoka Tanganyika, ilipelekwa kati ya 1958 na 1960, na leo inalisha watu wengi. Lakini ziwa Victoria lilipata sangara katika miaka ya 1950, naye alisaidia kumaliza siklidi wengi ambao hawataonekana tena. Kilichomwangwa na ndoo moja hakirudi kwa ndoo.

Ndugu zetu, kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kinapima haki ya mtu hata kwa namna anavyoangalia uhai wa mnyama wake. Ziwani samaki anatafuta mwenyewe maji safi, pango na njia ya kukimbilia. Ndani ya kioo hana njia, ni sisi tumekuwa ziwa lake. Basi darasa ambalo halina mtu wa kubadilisha maji wakati wa likizo, lisianze bado. Lile ambalo liko na watu wawili wa kuaminika, liwaandike majina yao karibu na meza, lichague wadogo watatu, na lingoje wiki zake. Walimu wa biolojia wako tayari kusaidia.