Dawa ya wasiwasi hutanguliza maudhi

Katika mambo ya dawa sisi tumezoeshwa hesabu moja nyepesi. Kichwa kinauma, unameza panadoli mbili, saa moja haijapita umepata nafuu. Malaria imekupanda, unamaliza dozi ya siku tatu, siku ya nne unadai ugali. Ndiyo maana mtu akimeza dawa akaona hali yake inazidi kuwa mbaya, husema dawa hii hainifai, au daktari amebahatisha, au yule muuzaji kanipa ya bandia. Leo napenda kuzungumzia dawa ambayo hesabu yake imepinduliwa juu chini. Maudhi yake huja siku ile ile ya kwanza au ya pili, na manufaa yake huja baada ya wiki sita, nane, hata kumi na mbili. Mgonjwa asiyeambiwa habari hii mapema ataitupa chooni kabla juma halijaisha, kisha atawatangazia jirani zake kwamba hospitali imeshindwa.

Ni dawa ya ugonjwa wa wasiwasi wa kurudiarudia. Sizungumzii wasiwasi wa ada ya shule au wa kodi ya nyumba, huo tunao sote. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu wenyewe ugonjwa huu huuita al-waswas al-qahri, yaani wasiwasi unaomlazimisha mtu. Waliosoma chuoni watakumbuka walivyoonywa juu ya mtu anayerudia udhu mara tano, mara kumi, hata sala ikampita, kwa kuwa kila mara anadhani kuna mahali maji hayakufika. Mwingine huosha mikono mpaka ngozi ikachanika. Mwingine hurudi kutazama komeo la mlango mpaka anachelewa kazini. Na yupo mama anayempenda mwanawe kuliko roho yake, lakini kila ashikapo kisu humjia picha kwamba atamchoma, basi anavificha visu vyote na kumwomba dada wa kazi akate nyama. Mama huyo hana ukatili hata chembe. Wazo linamwingia bila hodi, naye linamtisha kuliko litakavyomtisha mtu mwingine yeyote. Katika kila watu 100, kiasi cha wawili hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao.

Nazungumza kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa hao wawili, na vidonge hivi ninavimeza.

Dawa ya kwanza kujulikana kwa kazi hii ni klomipramini, iliyotoka katika maabara za kampuni ya Geigy ya Uswisi, na ambayo Marekani iliidhinisha rasmi kwa maradhi haya mwaka 1989. Imo pia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Baadaye zikaja fluoksetini, ambayo wengi waliisikia kwa jina la Prozac, kisha fluvoksamini, sertralini na nduguze. Zote hushughulika na kemikali iitwayo serotonini, ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana habari. Dawa huzuia kemikali hiyo isifyonzwe upesi ikarudi ilikotoka. Kuzuia huko huanza saa chache baada ya kumeza. Ubongo kujipanga upya kwa kuifuata hali hiyo ni kazi ya majuma mengi, na nafuu hungoja hapo.

Sasa mtu atauliza, kama dawa ni ya kichwani, mbona tumbo ndilo linalolia kwanza? Jibu ni kwamba kiasi cha asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili haiko kichwani, iko matumboni. Unapoigusa kwa mara ya kwanza, utumbo ndio unaopiga kelele: kichefuchefu, kuharisha, hamu ya kula kupotea. Haina maana kwamba umelishwa sumu.

Mimi nilianza na nusu kidonge cha sertralini. Siku ya pili, ndani ya daladala, ilinibidi niteremke vituo viwili kabla ya kwangu kwa ajili ya kichefuchefu. Siku ya tatu nilikesha macho makavu kama taa ya barabarani. Siku ya tano mwili ulikuwa ukinitetemeka ndani kwa ndani, kijasho kinanitoka hata mbele ya feni, na ule wasiwasi wenyewe, ambao ndio niliokwenda kuutibu, ulikuwa umepanda. Mama watoto akaniuliza, “Baba watoto, hicho kidonge kinakutibu au kinakumaliza?” Swali lilikuwa la haki kabisa. Kilichonishikilia ni kwamba daktari alikuwa amekwisha kunieleza yote haya, tena kwa mpangilio: tumbo wiki ya kwanza na ya pili, usingizi na mtetemo vivyo hivyo, kisha mambo yatatulia. Kichefuchefu kiliniaga siku ya kumi na moja.

Hapa kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha, nami nitakaa nalo kidogo. Dawa hizi tunapewa sisi watu wa wasiwasi. Ndani ya kila kisanduku mna karatasi iliyokunjwa kama barua ya mahaba, nayo imeorodhesha kila kitu kilichowahi kumpata mtumiaji yeyote, kuanzia kupiga miayo mpaka kifafa. Mtu wa kawaida huitazama akaitupa. Mtu wa wasiwasi huisoma mara saba, kisha huanza kujikagua. Anajipima mapigo ya moyo kila dakika kumi. Anatazama ulimi kwenye kioo. Anamwuliza mkewe, “Naonekana nimebadilika rangi?” na baada ya robo saa anamwuliza tena. Anampigia simu daktari, anamwuliza muuzaji wa dawa, anarudi kwenye karatasi. Jamani, hiyo si tahadhari tena. Hiyo ni ile ile safari ya kwenda kutazama komeo la mlango, sasa imehamia kwenye kidonge. Ugonjwa umeipanda dawa yake mgongoni.

Na kama wasiwasi wa mtu ni wa sumu au uchafu, hali ni ngumu zaidi, maana kila kichefuchefu kwake ni ushahidi. Nimewasikia wengine wakikibwaga kidonge kwa sababu hiyo tu.

Njia iliyonifaa ni hii. Karatasi ile nilimkabidhi mama watoto aiweke kabatini kwake. Daktari akaniandikia dalili chache, hazikuzidi sita, ambazo nikiziona niende hospitali siku hiyo hiyo. Yote mengine yaliingia daftarini mara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha usiku, mstari mmoja, basi. Nikihisi jambo saa nne asubuhi, nalingoja daftari la usiku. Mara nyingi usiku ulipofika nilikuwa sikumbuki hata nilitaka kuandika nini.

Maudhi madogo madogo yana ufundi wake. Kidonge kimezwe na chakula, hata kama ni uji na kipande cha mkate, wala kisimezwe juu ya tumbo tupu la asubuhi. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Chai ya tangawizi husaidia. Ikiwa dawa inakunyima usingizi, mwombe daktari uihamishie asubuhi. Ikiwa inakulaza, imezwe usiku. Wanaotumia fluvoksamini wapunguze kahawa na chai ya rangi, kwa sababu dawa hiyo huzuia ini lisivunje kafeini, na kikombe kimoja hukaa mwilini kama vile umekunywa kadhaa. Klomipramini hukausha kinywa na kufunga choo, basi maji kwa wingi, mapapai, mboga za majani. Nayo huweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, kwa hiyo keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Pombe iwekwe kando. Na usiende dukani kujinunulia dayazepamu ili upate usingizi. Daktari anaweza kukupa kwa siku chache akiona inafaa, lakini ukijipa mwenyewe utakuta umepata mzoea ambao hukuwa nao.

Lipo na la chumbani, nitalisema kwa adabu. Dawa hizi hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa wengi, na huchelewesha kilele kwa wanaume na wanawake. Hili, tofauti na kichefuchefu, si lazima liondoke lenyewe. Wanaume wengi hawalisemi. Huacha dawa kimyakimya, au huendelea nayo huku mke akishuku kuna nyumba ndogo mahali. Mweleze mwenzio kabla hujaanza, kisha mweleze daktari. Anaweza kupunguza kipimo, kubadili saa ya kumeza au kubadili dawa yenyewe. Hataweza kufanya lolote kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Sasa zile dalili za kukimbilia hospitali. Ya kwanza ni mawazo ya kujiua au ya kujidhuru yanapoanza au kuzidi, hasa kwa vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa hizi zibandikwe onyo kali, kwa kuwa katika majaribio watoto na vijana 4 kati ya 100 waliopewa dawa walipatwa na mawazo au vitendo vya namna hiyo, dhidi ya 2 kati ya 100 waliopewa vidonge vitupu. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa kufikia umri wa miaka 24. Kwa hiyo mzazi mwenye kijana anayeanza dawa, majuma yale ya kwanza na kila kipimo kinapopandishwa amtazame kwa karibu, amwulize waziwazi. Dalili nyingine ni mtu kuacha kulala huku amejaa nguvu zisizo za kawaida, anagawa mali na kupanga makubwa. Kuvimba uso au kutoka vipele. Kuzirai au kupata degedege, jambo ambalo kwa klomipramini hutokea zaidi kipimo kikiwa kikubwa. Kutokwa damu bila sababu. Na homa pamoja na kutetemeka, misuli kukaza na kuchanganyikiwa, maana hiyo yaweza kuwa serotonini imezidi mwilini.

Hiyo ya mwisho huletwa mara nyingi na kuchanganya dawa. Tramadoli, ambayo watu humeza kwa maumivu ya mgongo kama karanga, haipatani na dawa hizi. Linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, vivyo hivyo. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Basi popote utakapokwenda kutibiwa, hata kama ni jino, taja kidonge chako kwa jina. Mama mjamzito au anayepanga kushika mimba naye asikate dawa kwa shauri lake wala la mashoga. Aende kwa daktari apime naye.

Jingine ni kwamba wasiwasi huu hudai vipimo vikubwa kuliko vile vya ugonjwa wa huzuni. Sertralini huweza kupandishwa mpaka miligramu 200 kwa siku, fluoksetini mpaka 60 au zaidi, klomipramini isivuke 250. Kila ngazi unayopanda, maudhi huweza kurudi kwa siku chache. Mtu akishajua hivyo hatishiki. Kuna muuzaji mmoja wa dawa, simtaji, aliyeniambia kipimo changu kimezidi na akataka kunipa nusu yake. Nilimshukuru, nikampelekea daktari taarifa, nikanunua mahali pengine.

Nunua kabla vidonge havijakwisha, tena uache akiba ya wiki mbili, kwa kuwa tunajua maduka yetu na tarehe za mishahara yetu. Ukikatiza ghafla utapata kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira, na mishtuko kichwani kama ya umeme. Fluoksetini haina tabia hiyo sana kwa sababu hukawia kutoka mwilini. Watu wakiona mishtuko hiyo husema ati dawa ina ulevi. La hasha. Mlevi hutaka kuongeza kila siku, na hakuna aliyekwenda kuiba redio ili anunue sertralini. Mwili umezoea tu, unataka ushushwe ngazi kwa ngazi, si kurushwa dirishani.

Nafuu yenyewe haikuja kwa kishindo. Katika wiki ya saba, nikiwa tayari ofisini, nilitambua kwamba asubuhi ile nilifunga mlango mara moja nikaondoka. Wasiwasi haukufutika, ulikuwa umeshusha sauti. Kati ya wagonjwa kumi, wanne mpaka sita hupata nafuu ya kuonekana kwa dawa ya kwanza wanayojaribu, na waliosalia hubadilishiwa. Madaktari hushauri kuendelea angalau mwaka mmoja baada ya kupata nafuu, ndipo kipimo kishushwe polepole kwa miezi kadhaa.

Dawa si tiba pekee. Yapo mazoezi ambayo mgonjwa, akisimamiwa na mtaalamu, hugusa kile anachokiogopa kisha anajizuia kunawa au kurudi kutazama, mpaka hofu ichoke yenyewe. Wengi hufanya vizuri zaidi wakiyapata yote mawili. Juma lijalo, nikijaaliwa, nitaeleza mazoezi hayo yanavyofanywa.