Malindi na Wageni Wake

Ukifika Malindi usistaajabu kumsikia mchuuzi akisema Kiitaliano. Jambo hili lina asili yake. Katika miaka ya 1930 Wazungu walijenga hoteli pwani hapo. Mwaka 1940, wakati wa vita, ndege za Waitaliano ziliutupia mji mabomu. Lakini mwaka 1967 Waitaliano hao hao walirusha setilaiti kutoka baharini huko Ngomeni, kaskazini ya mji. Wenzao wengi wakafuata, wakajenga, wakakaa. Mwaka 1968 sehemu ya bahari ikafanywa hifadhi; kuvua humo ni marufuku.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Malindi mwenyeji ndiye aliyeweka jembe na nyavu amtumikie mgeni. Je, mgeni asipokuja, tutakula nini?