Moyo Umerudi, na Akili Je?

Wanazuoni wetu walipoyataja mambo ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, waliitaja nafsi, kisha wakaitaja akili peke yake. Anayemhudumia mtu aliyesimama moyo naye ana kazi hizo mbili: kuurudisha uhai na kuuokoa ubongo.

Moyo ukisimama, damu haifiki kichwani. Baada ya dakika 4 au 5 hivi, seli za ubongo huanza kufa, na zilizokufa hazirudi. Sasa tazama Baba Dogo, mashariki mwa Nairobi, penye viwanda na maghorofa ya kupanga yaliyosongamana. Gari la wagonjwa likikwama katika foleni, dakika hizo zitakwisha kabla halijafika. Basi mlinzi wa kwanza wa ubongo ni jirani.

Mtu akianguka, asiitike wala asipumue sawasawa, msidhani kukoroma kwake ni usingizi. Mmoja apige 999 au 112. Mwingine aweke viganja katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alihudumiwa hivyo palepale, akashtuliwa moyo kwa mashine. Mwaka 2022 alirudi kucheza.

Hospitalini ulinzi huendelea. Mwaka 2002 tafiti za Ulaya na Australia ziliunga mkono kuupoza mwili hadi nyuzi 32 mpaka 34. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2021 haukuona kwamba kupoza hivyo kunashinda kuizuia homa. Kwa hiyo msisitizo sasa ni joto lisipite nyuzi 37.5, shinikizo la damu lisishuke, na degedege litibiwe. Kipimajoto na muuguzi aliye macho ni silaha kubwa.

Nanyi jamaa, msiharakishe hukumu. Mgonjwa asiyezinduka hapimwi mustakabali wake kabla ya saa 72 angalau. Na akirejea nyumbani akiwa msahaulifu, mchovu au mwepesi wa hasira, msiseme amebadilika tabia. Hilo ni jeraha la ubongo, na dawa yake ni kliniki, mazoezi na subira ya walio karibu naye.